Kwanza nipeni usingizi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Unapomuuguza mtu nyumbani, wewe mwenyewe unafarijiwa na nani?", nimelisoma usiku wa manane, maana ndio wakati wangu wa kusoma. Wengi watawajibu sala, wengine muziki. Mimi nafarijiwa na mtu anayekuja kushika zamu ili nikalale.

Mama yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakamkimbia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, hospitali walitufundisha, anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo nyama za kiunoni na visiginoni zinabanwa, damu haifiki, vidonda vinachimbika. Uji anakunywa akiwa ameketishwa wima, kijiko kidogo kidogo, kwa sababu ukipita njia ya hewa unaweza kumletea nimonia. Viungo vinanyooshwa hadi kidole kimoja kimoja, visikakamae. Hapo sijataja pampasi, mashuka na vidonge vya presha.

Wanaokuja kumjulia hali ni wengi, hapa Bukoba hatujaacha desturi hiyo, na nawashukuru. Lakini tuambiane ukweli. Mgeni anafika, mimi nabandika chai. Anauliza mama kala nini, kalalaje. Anashauri: kuna mzee huko Karagwe ana mizizi, kuna mchungaji Mwanza anaombea. Akiaga ananiambia, "Pole mwanangu, Mungu atakulipa." Halafu mimi naosha vikombe. Na ole wako uonekane umenuna, utasikia unambagua mama yako.

Shangazi yangu haji hivyo. Anakuja na ndizi zake zimeshapikwa, anavua viatu mlangoni, anasema, "Toka, kalale." Basi. Sina haja ya kumweleza chochote. Siku moja nilipoamka nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kuna usiku mama anaguna kwa mara ya tatu au ya nne, nami najikuta naomba yaishe, kisha naona aibu mpaka kumtazama usoni nashindwa. Shangazi hakuniambia "usiseme hivyo". Aliendelea kumenya viazi, akasema, "Mimi niliomba hivyo nilipomuuguza mdogo wangu. Tena kwa sauti." Nililia, tukacheka, tukapika.

Yeye aliuguza miaka ile. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na kwa muda mrefu dawa za kufubaza virusi hazikuwepo, kwa hiyo waliouguza walihama nyumba hadi nyumba: leo kaka, kesho shemeji, kisha watoto waliobaki. Ng'ambo ya mpaka, Kampala, mwaka 1987, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, pamoja na wenzake. Walikuwa kundi dogo tu la watu ambao ugonjwa ulikuwa umeingia ndani ya nyumba zao, wakikutana kutiana moyo, kabla hawajawa shirika kubwa la ushauri nasaha na matibabu. Shangazi anasema wao walikutana msibani tu.

Kwa hiyo sipingi vikundi, hata kidogo. Mtu aliyewahi kufua shuka hilo hilo haumalizi muda wake kukushangaa. Ila anayeanzisha kikundi cha wauguzaji afikirie nani anabaki na wagonjwa. Kanisani kwetu wametangaza kikao chetu Jumapili saa tisa alasiri, wakasema tusikose. Nikamuuliza mzee wa kanisa, "Na mama namwacha na nani?" Akakuna kichwa. Wapange watu wawili wawili wa kuzunguka majumbani saa hizo, nitakuwa wa kwanza kufika.

Nimalizie kwa kaka zangu, maana najua mmoja wao anasoma gazeti hili. Wanatuma hela kwa simu kila mwezi, na bila hizo pampasi tungezitoa wapi? Lakini simu ilikuwa ya "mama anaendeleaje?", ikakatwa. Mkubwa alipokuja likizo nilimpa usiku wake. Usiku wa pili hakumaliza, aliniamsha saa tisa: "Dada, hii kazi haifanywi na mtu mmoja." Sasa analipia binti wa jirani alale kwetu kila Jumamosi. Nimemfundisha kugeuza na kulisha, namba ya nesi nimebandika ukutani. Mdogo wake anaona ni gharama isiyo ya lazima wakati mimi nipo. Nimemwambia zamu ya Desemba ni yake, na tiketi ya basi akate mapema.