Je, Mangi Meli alinyongwa na Wanazi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili ameandika kwenye daftari la Historia kwamba Mangi Meli alinyongwa na Wanazi. Mwalimu wake kakata kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Si walikuwa Wajerumani? Na vijana wa kijiweni wanaitana "mnazi wa Yanga". Ni neno lile lile?
Mama wa watatu, Kidia, Old Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Mwalimu kakata sawasawa, ila angemwandikia mtoto sababu pembeni. Nimesahihisha madaftari miaka mingi hapa Moshi na kosa hili nalijua.

Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa huko huko kwenu, Machi 2, 1900. Chama cha Wanazi kilipata jina lake mwaka 1920, Wajerumani wakiwa wameshanyang'anywa koloni hili. Waliomnyonga walikuwa Wajerumani, ndiyo, lakini wa serikali ya Kaisari, na walichofanya kinaitwa ukoloni. Tukiwasingizia Wanazi, wakoloni wenyewe tunawaachia njia wapite. Hilo linaniuma.

Neno lenyewe ni kifupi cha Kijerumani, Nationalsozialist, yaani mfuasi wa chama cha Hitler. Wao hutamka "natsi". Halina undugu na nazi tunazokuna, zinazofika soko la Mbuyuni kutoka Pwani. Kiswahili kimelivisha viambishi tu: Mnazi, Wanazi, na Unazi, ambayo ndiyo itikadi: kwamba kuna watu wa damu bora na wa damu duni, na dola ina haki ya kuwafuta hao duni. Iliitawala Ujerumani 1933 hadi 1945, ikaua Wayahudi wapatao milioni 6, na Waroma (jamii ya Wajipsi, si watu wa mji wa Roma), na walemavu, na wengine wengi.

"Mnazi wa Yanga" ni shabiki wa kutupwa, basi. Vijana hawana nia mbaya. Mimi ni Yanga tangu darasa la tatu, ila sijiiti hivyo.

Mwanao akitaka mtu wetu aliyefia mikononi mwa Wanazi, yupo. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari wa Wajerumani tangu utotoni, kisha akafundisha Kiswahili chuo kikuu Berlin. Mwaka 1941 walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani mweupe. Alifia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Novemba 1944. Huyo amwandike.