Jibu: Rangi inayobanduka na ufa kwenye ganda la fibaglasi
Ndugu, umeuliza kwa nini rangi inabanduka kwenye ganda la mashua yako ya mfano, na namna ya kuziba ufa ulio karibu na mkuku (uti wa chini wa mashua). Mara nyingi chanzo ni nta ya kalibu, ile inayopakwa kwenye kalibu ili ganda lisigandame; ioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kabla ya kupiga msasa, kwani ukitanguliza msasa utaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na kuitoa hapo ni kazi kubwa. Ufa, nakusihi, uzibe kutoka ndani: kwaruza kwa msasa namba 80 hadi mng'ao wote upotee, kisha laza vipande viwili vya kitambaa chembamba cha fibaglasi, ukivilowanisha kwa epoksi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa ili igande) mpaka weupe wa nyuzi utoweke. Vaa barakoa, vumbi la fibaglasi hudhuru mapafu.