Vanishi ya baraza inabanduka: tupake tena?

Swali: Fundi, habari za kazi. Tunaishi Kilifi, kama mita 200 kutoka baharini. Baraza letu la nje ni la mbao za mvule. Tulilipaka vanishi kabla ya masika ya mwaka juzi, na sasa inabanduka kama magamba ya samaki. Palipobanduka pamegeuka kijivu, kuna madoa meusi kuzunguka misumari, na ubao mmoja karibu na ngazi unabonyea. Fundi wetu anataka kupiga msasa kisha apake koti tatu nyingine. Tumkubalie?

Jibu: Nzuri, dada. Msimkubalie bado. Baraza litang'aa miezi michache, kisha mtarudi hapo hapo.

Vanishi hukaa juu ya ubao kama ngozi. Jua hupenya ngozi hiyo na kuharibu lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti, hivyo vanishi hukosa pa kujishikiza. Ubao nao huvimba kwa mvua na kusinyaa jua likiwaka. Ngozi isiyovutika hupasuka, maji yakaingia kwenye ufa na kukwama humo. Mafundi wa majahazi walilijua hili zamani: walipaka sifa, mafuta ya papa, yanayoingia ndani ya ubao. Siwaambii mkapake sifa barazani, wageni watakimbia harufu. Ila njia ni hiyo ya mafuta.

Kijivu kisiwatie hofu, ni cha juu juu tu. Cha kuogopa ni huo ubao unaobonyea. Chukua bisibisi uuchome, ukianzia kichwani, yaani mwisho wake uliokatwa, maana ubao hunywa maji kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliooza, ung'oeni mtazame na boriti iliyo chini yake. Sitashangaa mkikuta una mkanda mweupe kandoni, yaani sehemu ya nje ya gogo, ambayo huoza na kuliwa na wadudu upesi. Muuza mbao aliapa ni mvule, na hakusema uongo. Ila si moyo wa mvule. Ubao mpya upakeni mafuta kichwani kabla ya kuufunga, na muache mwanya wa milimita 5 hivi kati yake na wenzake.

Madoa meusi ni kutu ya misumari iliyokutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mti. Wino wa kale ulitengenezwa hivyo hivyo. Toeni misumari yote, muweke skrubu za stenlesi daraja la 316. Za 304 ni rahisi kidogo lakini upepo wa bahari huzitia vidoa. Kisha madoa yafuteni kwa asidi ya oksaliki, gramu 100 kwa lita ya maji ya vuguvugu. Ni sumu: vaeni glavu na miwani, watoto wakae mbali. Suuzeni vizuri, na kwa maji ya mvua au ya bomba. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na chumvi ikibaki kwenye ubao huvuta unyevu wa hewani.

Likauke siku kadhaa, ndipo mpige msasa namba 60 kumaliza vanishi yote, halafu 80, mkifuata nyuzi. Msilainishe zaidi, mafuta yatakosa pa kuingilia. Fundi avae barakoa, vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua.

Mafuta yawe ya mbao za nje, yenye rangi kidogo ya kukinga jua na dawa ya kuvu. Mafuta ya kitani matupu huota ukungu kwenye joto letu la unyevu. Pakeni koti jembamba, subirini dakika 20, mfute yote yaliyobaki juu. Rudieni kesho yake. Matambara mliyofutia msiyarundike stoo, huweza kuwaka moto yenyewe. Yaloweke kwenye ndoo ya maji, kisha yaanikwe nje yakiwa yametandazwa.

Kazi hii ifanyeni Januari au Februari, kabla ya masika. Baadaye mwagieni ubao kijiko cha maji kila baada ya miezi michache: yakisimama kama matone kwenye jani la mgomba, acheni, yakinywewa, ongezeni koti moja bila kupiga msasa upya.

Sakafu za ndani mnaweza kuziacha na vanishi yake. Huko kinachoila ni mchanga wa miguuni, basi wekeni mkeka mlangoni.