Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Dharura kwa Majira ya Baridi Kali

SWALI: Ndugu Mhariri, tumehamia katika nchi yenye theluji, na hii itakuwa baridi yetu ya kwanza. Tuna watoto wawili, na mdogo bado anatumia maziwa ya kopo. Majirani wanatuhimiza tuandae vifaa vya dharura mapema, lakini mume wangu anaona blanketi na tochi vinatosha, na kwamba umeme ukikatika tutawasha jiko la mkaa sebuleni. Je, tuandae nini hasa?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Dada yetu, nianze na hilo jiko, maana linanitia hofu kuliko theluji yenyewe. Mkaa unapowaka ndani ya nyumba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huichukulia oksijeni nafasi yake katika damu. Mtu huumwa kichwa, akapata kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni mafua, akajilaza kidogo na asiamke tena. Kufungua dirisha hakutoshi. Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya nyumba, na jenereta nayo ikae nje, angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani. Kwa hiyo, kabla ya kununua blanketi jingine, nunueni king'ora cha gesi hiyo kinachotumia betri.

Badala ya moto, chagueni chumba kimoja kidogo, mzibe upenyo wa chini ya mlango kwa taulo, mtundike blanketi madirishani na mlale humo nyote. Nguo za ndani ziwe za sufu, kwa sababu pamba ikilowa jasho hupoteza joto, ilhali sufu huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu.

Mahitaji ya nyumbani yakadirieni kwa siku 3 kwa uchache. Maji ni takriban lita 4 kwa kila mtu kwa siku, yaani lita 48 kwa watu 4, kwani mabomba huweza kuganda na hata kupasuka. Chakula kiwe kisichohitaji kupikwa, na pamoja na makopo msisahau kifungulio cha mkono. Inashangaza jinsi kitu hiki kidogo kinavyosahaulika. Kwa mtoto, wekeni maziwa ya maji yaliyo tayari kunywewa, kwa kuwa ya unga huhitaji maji yaliyochemshwa. Ongezeni nepi, dawa mnazotumia kila siku, vifaa vya huduma ya kwanza na redio ya betri. Tochi, kama asemavyo mume wako, ni ya lazima, ila itilieni betri za lithiamu, ambazo huvumilia baridi kuliko zile za alkalini.

Kama mna gari, nalo lihitaji mfuko wake, maana dhoruba haichagui kuwakuta nyumbani. Wekeni blanketi, glavu na soksi za akiba, kikwaruzo cha barafu, waya za kuamshia betri, mchanga wa kumwaga chini ya matairi yanayoteleza, na beleshi dogo. Beleshi hilo likae ndani, nyuma ya kiti, kwa sababu buti la gari likiganda halifunguki na kifaa cha kuwaokoa kitakuwa kimefungiwa humo. Chupa za maji zisijazwe hadi juu, zisije zikapasuka zikiganda. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu.

Mkikwama, msiliache gari kwenda kutafuta msaada wakati theluji inaanguka, kwa maana mtu hupotea hatua chache tu kutoka barabarani. Fungeni kitambaa chenye rangi kali kwenye antena, kisha washeni injini kwa dakika 10 hivi katika kila saa, baada ya kuhakikisha kwamba theluji haijaziba ekzosi. Ikiziba, ile gesi ya jiko la mkaa itawafuata hata humo garini. Msile theluji mkiwa na kiu, kwa sababu mwili hutumia joto lake kuiyeyusha. Mtu anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka huku akiongea kwa kubabaika hajapata nafuu, bali joto la mwili wake limeshuka mno na anahitaji msaada wa haraka.

Kila baridi inapokaribia, mfungue mifuko yote miwili na kuikagua, kwani maziwa huisha muda wake, na soksi zilizomtosha mtoto mwaka huu huenda mwakani zisipite hata kisigino.