Ukitaka Kuielewa Sera ya Nje ya Marekani, Hesabu Kura

Wiki hii nimepata ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja anayesoma uhusiano wa kimataifa. Anataka kuwa mchambuzi wa siasa za Marekani. Ameniuliza: "Kaka, lile la Iran ulilijuaje mapema? Mimi nafuatilia kila hotuba ya rais, lakini nikitabiri jambo linakwenda kinyume." Namjibu hapa hadharani, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yake, na kwa sababu swali lenyewe limenigusa penye kidonda.

Kwa wasiojua habari ile, ilikuwa hivi. Machi 2015, mazungumzo ya Marekani na wenzake na Iran kuhusu mpango wake wa nyuklia yakiwa yamepamba moto, maseneta 47 wa chama cha Republican wakiongozwa na Tom Cotton wa Arkansas waliwaandikia viongozi wa Iran barua ya wazi. Wengi waliiona ni utovu wa adabu, kumvunjia rais wao heshima mbele ya wageni. Mimi niliisoma mara mbili tatu nikaona imebeba jambo zito: makubaliano yasiyopitishwa na Kongresi, yaani bunge lao lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi, ni ya Rais Barack Obama peke yake, na rais ajaye anaweza kuyafuta kwa kalamu yake.

Nikafungua Katiba ya Marekani, Ibara ya 2. Mkataba hauwi mkataba mpaka theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria waukubali. Obama hakuwa na theluthi mbili, wala hakuwa na mahali pa kuzipata. Ndiyo maana makubaliano yaliyotangazwa Vienna Julai 14, 2015 hayakupelekwa Seneti kama mkataba. Septemba mwaka huo, maseneta 58 kati ya 100 walipiga kura kutaka azimio la kuyapinga lisonge mbele. Lilikwama kwa sababu tu kanuni zilidai kura 60. Yaani makubaliano yale yalizaliwa huku wengi katika Seneti wakiyakataa!

Nikaandika kwamba yataishi mpaka siku chama kingine kitakapoingia madarakani. Mhariri niliyempelekea, ambaye simtaji, aliirudisha makala akisema nina mtazamo wa kukatisha tamaa. Taifa kubwa, alisema, haliwezi kukubaliana jambo mbele ya Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China kisha likageuka. Mei 8, 2018, Donald Trump akatangaza kujitoa. Sikupokea simu wala salamu. Nasema wazi kwamba liliniuma na linaniuma bado, maana sikuwa nimepiga ramli. Hesabu ile ilikuwa mezani kwa kila mtu.

Basi mdogo wangu, ushauri wangu ndio huo. Hesabu kura. Usiichukulie Marekani kama mtu mmoja mwenye nia moja. Ni nyumba ambayo kila chumba kina mwenye ufunguo wake, na rais anayezungumza barazani hana funguo zote. Hazina ina vikwazo na nguvu ya dola, Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, ina majeshi, Kongresi ina fedha. Ukisikiliza baraza tu utakosea kila mara.

Chukua Afrika Kusini ya miaka ya 1980. Mtu aliyefuata hotuba za Ronald Reagan angeapa kwamba vikwazo dhidi ya utawala wa makaburu haviwezekani. Msaidizi wa waziri aliyesimamia Afrika, Chester Crocker, alikuwa amejenga sera nzima ya kuzungumza nao taratibu. Lakini mbunge Ron Dellums wa California alikuwa ameanza kupeleka miswada ya vikwazo tangu 1972. Kuanzia Novemba 1984 watu walikuwa wakijitokeza kukamatwa mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington, kazi iliyoanzishwa na Randall Robinson na wenzake wa TransAfrica, shirika la Wamarekani weusi la kuitetea Afrika. Vyuo vikuu vikawaka moto wa maandamano. Wabunge wakaanza kuulizwa na wapiga kura wao.

Mwaka 1986 Kongresi ikapitisha sheria ya vikwazo. Reagan akaikataa kwa kura ya turufu. Baraza la Wawakilishi likaipindua turufu hiyo kwa kura 313 dhidi ya 83, kisha Seneti, Oktoba 2, kwa 78 dhidi ya 21. Seneti ile ilikuwa mikononi mwa chama cha rais mwenyewe! Mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, Richard Lugar, Mrepublican, ndiye aliyesimama dhidi ya rais wake. Uwekezaji mpya ukapigwa marufuku, na ndege za shirika la Afrika Kusini zikazuiwa kutua Marekani. Kila ninaporudia kurasa za mjadala ule najiambia kwamba huu ndio uchambuzi, na zile picha za marais wakipeana mikono ni mapambo.

Upande wa pili wa jambo hilo unatisha. Rwanda 1994 haikuwa na mtu wa kupiga kelele Washington. Wanajeshi 18 wa Marekani walikuwa wamekufa Mogadishu Oktoba 1993, wabunge hawakutaka kusikia operesheni nyingine Afrika, na serikali ya Bill Clinton ikawa inakwepa hata kutamka kwamba yale ni mauaji ya kimbari. Aliyeangalia hesabu ya ndani angejua mapema kwamba msaada hauji. Ndiyo maana nawakasirikia wanaoita kazi yetu porojo. Kuna watu maisha yao yanategemea hesabu hii.

Kwa hiyo vijana, acheni uvivu. Acheni kunakili taarifa za habari na kuziita uchambuzi. Rais akitangaza jambo, jiulize linahitaji kura ya nani na fedha za nani. Kama halihitaji kura ya yeyote, jua linaweza kufa na urais wake. Na mambo mengine hayasemwi kabisa: Oktoba 1962, Rais John F. Kennedy aliumaliza mgogoro wa makombora ya Kisovieti huko Cuba akitoa pia ahadi ya siri ya kuondoa makombora ya Marekani ya Jupiter kutoka Uturuki, na Wamarekani hawakuambiwa. Nyaraka za namna hiyo Wizara yao ya Mambo ya Nje huzichapisha baada ya miongo kadhaa, na zimewekwa kwenye intaneti bure. Someni. Mimi sikuwa na mtu wa kunionyesha zilipo, nyinyi mmeonyeshwa.

Dada yangu, anza na zoezi moja. Tafuta Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. Manowari za Marekani hupita katika Bahari ya China Kusini kutetea kanuni za bahari zilizoandikwa humo, ilhali Marekani yenyewe haijauridhia. Mei 2012, Hillary Clinton akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, Leon Panetta wa Ulinzi na Jenerali Martin Dempsey, mkuu wa majeshi, walikwenda pamoja mbele ya kamati ya Seneti kuomba uridhiwe. Kufikia Julai maseneta 34 walikuwa wametangaza kwamba watapinga. Kwa Seneti ya watu 100, 34 wanatosha kuzuia mkataba, na kura haikupigwa. Tafuta majina yao, uone walitoka majimbo gani na nani alikuwa akiwashinikiza huko kwao. Ukimaliza niandikie, nitakusahihishia mwenyewe.