Usiisikilize Eindhoven kama albamu ya studio

Kwa miaka mingi nilikuwa na santuri moja niliyoidharau bila haki. Ni albamu fupi ya Testament, bendi ya Marekani ya metali ya thrashi (roki nzito ya kasi kali), iitwayo Live at Eindhoven, iliyorekodiwa Uholanzi tarehe 8 Juni 1987, bendi hiyo ilipovuka bahari kwa mara ya kwanza kwenda kupiga Ulaya. Albamu yao ya studio, The Legacy, nilikuwa naijua kiasi cha kuziimba solo za gita kwa mdomo mwanzo hadi mwisho. Nikaiweka santuri ile nikitegemea kusikia mambo yaleyale, na makofi juu yake. Nikakutana na gita kavu, mwangwi mdogo, na mwimbaji ambaye pumzi zake zinasikika. Niliisikiliza upande mmoja, nikairudisha kwenye jalada, ikakaa humo.

Kosa lilikuwa langu: niliitafuta albamu ndani ya tamasha. Wapenzi wengi wa metali ya thrashi ninaozungumza nao bado wanafanya hivyo. Wanaipima rekodi ya jukwaani kwa mizani ya studio, kisha wanaiona pungufu. Kwa bendi iliyokomaa pengine hasara si kubwa. Ila kwa rekodi ya ziara ya kwanza ya ng'ambo unapoteza karibu kila kitu, maana utamu wake umo katika yale ambayo vijana wale walikuwa bado hawajajifunza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuanza na kalenda kabla hujagusa sauti. The Legacy ilitoka Aprili 1987. Tamasha la Eindhoven ni mwanzoni mwa Juni mwaka huohuo, hata miezi miwili haijatimia. Alex Skolnick, mpiga gita la solo, alikuwa na miaka 18. Chuck Billy aliingia kuimba baada ya mwimbaji Steve Souza kuhamia bendi ya Exodus mwaka 1986, na sehemu kubwa ya maneno aliyoyaimba siku ile iliandikwa na huyo aliyemtangulia. Hata jina lilikuwa bichi. Tangu walipoanza mwaka 1983 kule Berkeley, California, walijiita Legacy, ila jina hilo lilikuwa tayari linatumiwa na bendi nyingine, wakaliacha na kulibakiza kwenye jalada la albamu.

Sasa rudi kwenye sauti ya Billy ukiwa na hayo kichwani. Ana maneno ya mwenzake mdomoni na jina lililobandikwa juzi, na mbele yake kuna watu wa bara ambalo hajawahi kuliimbia. Nguvu ile anayoisukuma nilikuwa naiita kupayuka. Leo naisikia tofauti kabisa: ni mtu anayezichukua nyimbo hizo ziwe zake, mstari kwa mstari, mbele ya mashahidi. Studio inakupa nafasi ya kurudia mstari mpaka ukae sawa. Kule jukwaani mstari ukishatoka umetoka, na nadhani ndiyo maana anaubana kila mmoja kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Albamu ile ina nyimbo 5. Nne zinatoka kwenye The Legacy. Wa tano, Reign of Terror, haumo, na ndio ninaokushauri uanze nao. Ulikuwa kwenye kanda ya majaribio ya nyimbo 4 waliyoirekodi mwaka 1985 wakiwa bado Legacy, kisha ukaachwa nje ya albamu. Miaka ile kanda za namna hiyo zilisafiri kwa posta, shabiki kwa shabiki, nakala ya nakala, kila moja ikiwa na mvumo mzito kuliko iliyoizaa. Ndivyo bendi za eneo la Ghuba ya San Francisco zilivyofahamika Ulaya kabla ya wanamuziki wenyewe kupanda ndege. Wimbo huu hauna toleo kwenye The Legacy la kuulinganisha nao, kwa hiyo masikio yako hayana pa kukimbilia. Utausikia kama ulivyo. Ukishazoea hali hiyo, rudi kwenye zile nne nyingine uzisikilize kwa masikio hayohayo. Mimi mlango ulifunguka hapo.

Inasaidia pia kujua walikuwa wamesimama wapi. Walipiga kwenye tamasha la uwanja wa wazi liitwalo Dynamo Open Air. Lilianza mwaka 1986, likiwa limezaliwa na klabu ya vijana iitwayo Dynamo palepale Eindhoven, kwa hiyo hili la 1987 lilikuwa la pili tu. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste, ambayo Uholanzi ni sikukuu. Tamasha hilo baadaye lilikua mpaka likapita watu 100,000 mwaka 1995, na ukisikiliza ukiwa na picha ya umati huo utazisikia kelele za mashabiki vibaya. Ondoa picha hiyo. Mwaka 1987 lilikuwa bado changa kama bendi yenyewe. Na Uholanzi haikuwa ngeni kwa muziki huu: bendi ya Metallica nao, katika ziara yao ya kwanza ya Ulaya pamoja na bendi ya Venom mwaka 1984, walipiga Zwolle mwezi Februari. Testament walikuwa wanaingia kwenye nyumba ambayo mlango wake ulishagongwa.

Baada ya kalenda, chagua ala moja. Moja tu. Mtu akiniomba namna ya kuisikiliza rekodi ya jukwaani humwambia aisikilize mara nne, kila mara akimfuata mwanamuziki mmoja bila kumwacha hata pale anapofunikwa na wengine. Huko studio kila ala imewekewa nafasi yake, hakuna kazi ya kuitafuta. Jukwaani unamfuata Greg Christian na besi yake mpaka anapozama chini ya gita, unamngojea, kisha anaibuka, na unagundua alikuwepo muda wote akiushikilia wimbo. Siku nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilikuwa kitandani, taa imezimwa, hedifoni kichwani, na nilijikuta nimebana pumzi nikimsubiri arudi.

Ukifika kwa Eric Peterson, mpiga gita la kusindikiza, nenda taratibu. Huyu ndiye msingi wa bendi ile tangu mwanzo hadi leo, na kazi yake ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi kwa sababu Skolnick anang'aa sana. Mimi niliielewa kazi hiyo nilipojaribu kuipiga mwenyewe. Rifu ya thrashi, yaani kile kipande kifupi cha gita kinachorudiwarudiwa, haitoki kwenye vidole vya kushoto peke yake. Ukingo wa kiganja cha kulia unaegemea nyuzi palepale zinapoanza, kwenye daraja la gita. Ukiegemea mno, sauti inakufa ikawa kama kugonga ubao. Ukilegeza kidogo, nyuzi zinavuma na noti zinapandana. Kuna upana wa milimita chache tu ambamo noti inatoka nzito na fupi, na humo ndimo lazima mkono ukae huku kidonoo, kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi, kikishuka, kikishuka, kikishuka bila kupanda. Nilijaribu kwa kasi ya studio nikamudu dakika mbili. Nikajaribu kuifuata rekodi ya jukwaani, na kabla wimbo haujafika nusu msuli wa mkono ulikuwa umekaza kama kamba iliyolowa, kidonoo kikanidondoka. Tangu siku hiyo, ninapoisikiliza Eindhoven nasikia mkono. Nasikia anapoulegeza sekunde moja kwenye sehemu ya polepole, na nasikia anapourudisha. Hata kama hupigi gita, azima moja, egemeza kiganja chako pale, ujaribu dakika moja tu. Utarudi kwenye rekodi ukiwa na masikio mengine.

Kuhusu kasi, usiamini hisia. Bendi changa hukimbia jukwaani, hilo wanaopiga muziki huu wanalijua, lakini hukimbia mahali tofauti tofauti, na kupajua hapo ndiko kunakonoga. Piga mguu sakafuni, hesabu mapigo ya sekunde 30, zidisha kwa 2, andika. Fanya hivyo mwanzo wa wimbo, katikati na mwisho, kisha fanya hivyohivyo kwa toleo la studio. Nina daftari lililojaa namba za penseli za kazi hii, na siioni kuwa kazi bure hata kidogo. Pale namba inapopanda ndipo utasikia Louie Clemente kwenye ngoma amebebwa na umati, au umati umebebwa naye. Mara nyingi huwezi kuwatenganisha.

Na umati wenyewe usiuchukulie kama pambo. Uwanja wa wazi hauna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo kelele za watu hazizunguki kama ukumbini, zinakuja na kuondoka. Sikiliza ukimya mfupi kati ya wimbo na wimbo. Bendi inayopiga nyumbani hupokelewa hata kabla haijagusa wimbo wa kwanza. Ugenini kuna kupimana, na mimi huwa nasubiri kujua kupimana huko kunaisha kwenye wimbo gani. Kwangu huo ndio moyo wa rekodi yoyote ya safari ya kwanza, kuliko hata solo.

Sasa jambo la matoleo, ambalo liliniuma. Nilipoamua kuirudia Eindhoven kwa heshima niliagiza nakala nyingine kwa muuzaji wa santuri zilizotumika, aliyeniandikia kwamba ni tamasha zima. Ilipofika ilikuwa ni ileile ya nyimbo 5, na pesa haikurudi. Kwa hiyo kabla ya kulipa omba picha ya nyuma ya jalada, uhesabu nyimbo mwenyewe. Toleo la 1987 ni lile fupi. Toleo refu, lililorudisha nyimbo zilizokatwa, lilitoka mwaka 2009 kwa jina la Live at Eindhoven '87. Ukiwa na uwezo wa kupata moja tu, chukua refu, hata kama fupi lina jalada la zamani na thamani kwa wakusanyaji. Nyimbo 5 zilizochaguliwa zinakuonyesha bendi katika ubora wake. Onyesho refu linakuonyesha bendi inayochoka, inayojikusanya, inayopanga nguvu zake kwa mara ya kwanza mbele ya wageni, na mambo hayo hukatwa kwanza nafasi ikiwa finyu.

Usianze na toleo refu, hata hivyo, kama The Legacy huijui. Sikiliza kwanza zile nyimbo 9 za studio kwa wiki moja au mbili mpaka uweze kutabiri rifu inayofuata. Usipojua wimbo ulitakiwa kwenda wapi, hutajua ulipopinda, na kupinda huko ndiko unakokufuata.

Neno moja kuhusu sauti ya juu, na hili nalisema kwa uzito. Rekodi kavu kama hii inakushawishi kuongeza sauti, kwa sababu unatafuta uzito ambao studio ilikuwa imeuongeza na hapa haupo. Niliongeza, usiku baada ya usiku, na hedifoni, mpaka nikaanza kuamka na mlio masikioni usioisha hadi mchana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri unavyopandisha ndivyo saa hizo zinavyopungua kwa kasi. Uzito unaoutafuta tumia spika kuupata, nazo uziweke mbali na ukuta kidogo, ukae katikati yake. Hedifoni zibakie kwa ile kazi ya kumfuata mwanamuziki mmoja, kwa sauti ya chini, wimbo mmoja kwa usiku mmoja. Mlio wangu ulipungua nilipofanya hivyo, na kuna usiku ambao hausikiki kabisa.

Wiki hii niko kwa Skolnick. Nimemwacha mwisho makusudi, kwa sababu solo zake ndizo nilizokuja nazo kichwani na ndizo zilizonifanya niikatae santuri ile siku ya kwanza. Nimefika wimbo wa pili. Pale ambapo mdomo wangu unataka kuendelea na ile noti ya studio niliyoikariri, kijana wa miaka 18 anapita njia nyingine, nami nairudisha sindano nyuma kidogo nimsikie tena anavyoichagua.