Sisi wa mikoani hatujaikimbia timu, nauli ndo imetukimbiza

Mkuu mleta uzi, umeuliza kwa nini mashabiki wa mikoani siku hizi hatuonekani Kwa Mkapa, ukasema tumegeuka watu wa banda umiza, yale mabanda ya kulipia kuangalia mpira kwenye TV, mitandaoni tunaongea sana ila uwanjani hatufiki. Nimesoma nikaumia, nikasema ngoja nikujibu kwa urefu maana mi ni mmoja wa hao unaowasema. Nipo Morogoro, kazi yangu fundi rangi, ni Simba toka nazaliwa, na kwenye tawi letu ndo mimi natunza hela za safari toka 2019. Kwa hiyo hesabu ninazokuwekea hapa sijasimuliwa na mtu, zipo kwenye daftari langu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Watu wakisema mpira umekuwa ghali wanawaza tiketi. Tiketi ya mzunguko, vile viti vya bei ya chini, mi huwa nalipa 5,000 na sijawahi kuilalamikia hata siku moja. Kwa mtu wa Temeke au Keko habari inaishia hapo, anavaa jezi anatembea kwa mguu. Kwangu mimi hiyo 5,000 ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye safari nzima.

Angalia safari moja ya mtu mmoja. SGR, hii treni ya umeme, ile ya kawaida Moro mpaka Dar 13,000, kwenda na kurudi 26,000. Stesheni yetu iko Kihonda, mi nakaa upande mwingine wa mji, boda asubuhi 2,000, usiku nikirudi 4,000 maana daladala zimeshalala. Nikifika Dar napanda daladala mpaka Uhasibu 600. Mechi ikiisha ndo shughuli inaanza, barabara ya Kilwa imeziba, ya Mandela imeziba, uwanja wa watu 60,000 ukijaa unamwaga watu wote kwa mpigo, boda ambayo siku ya kawaida ni 2,000 anakutajia 5,000 na ukisita sekunde mbili kuna mtu nyuma yako ameshapanda. Chakula na maji kutwa nzima weka 6,000, hapo umejibana. Ongeza tiketi. Jumla 48,600. Yaani tiketi ni kama sehemu ya kumi tu ya hela niliyotoa mfukoni.

Sasa mimi siku yangu ya kazi nikipata ni 20,000. Kwenda kuangalia mechi moja ni siku mbili na nusu za kupaka rangi, halafu na siku yenyewe ya mechi sijafanya kazi. Nikitaka kwenda na mwanangu, ambaye ana miaka 11 na hajawahi kukanyaga pale Kwa Mkapa, nafanya hesabu nakaa kimya. Ananiuliza kila msimu.

Kuna mtu hapo juu kasema mbona nauli hazijapanda sana. Zimepanda mkuu, labda kwa vile zinapanda kidogo kidogo ndo hamuoni. Daladala ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilikuwa 400, Mei 2022 ikawa 500, Desemba 2023 ikawa 600. Basi la mkoani daraja la kawaida LATRA, wale wanaopanga nauli, ilikuwa inapiga shilingi 36.89 kwa kilomita, ikaja 41.29, ikaja 48.47. Daraja la kati lilianzia 53.22, Desemba 2023 likafika 67.84. Ukiwa unasafiri mara moja kwa mwaka kwenda kwenu Krismasi hutoona kitu, ila ukiwa unaifuata timu mara kumi kwa msimu unaona vizuri sana. Sababu tunazijua, mafuta, Agosti 2022 petroli ilifika 3,410 kwa lita pale Dar, na dereva na yeye ana watoto. Simlaumu. Ila mafuta yalipokuja kushuka kidogo baadaye, boda hakushusha na mwenye Costa hakushusha.

Halafu kuna vile vigharama ambavyo hakuna anayevihesabu. Zamani basi la Moro lilikuwa linakushusha Ubungo, ukishuka upo mjini tayari. Toka 2021 mwisho wa basi ni Mbezi Luis. Sipingi, stendi ni nzuri, lakini kutoka Mbezi mpaka Temeke ni safari nyingine kabisa, unabadilisha gari mara mbili, na siku ya mechi hiyo ni saa moja na nusu mpaka mbili. Ndo maana wengi tulihamia kwenye treni ilipoanza 2024, saa moja na nusu hivi upo Dar, raha tupu. Tatizo la treni ni moja, haisubiri dakika za nyongeza. Mechi ya saa 10 jioni treni inanifaa. Mechi ya saa 1 usiku inaisha karibu saa 3, ukijumlisha na hiyo foleni ya kutoka unajikuta huna uhakika wa kuiwahi, na ukiikosa unaenda kutafuta basi la usiku kwa bei ya mwenye basi. Angalau toka Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa kutembea usiku, kabla ya hapo tulikuwa tunalala kwenye mabaraza ya watu tunasubiri alfajiri.

Kwa hiyo tawi likawa linakodi Costa. Mwaka 2021 Costa ya viti 28 kwenda na kurudi tulilipa 420,000, kila mtu 15,000. Baadaye gari lile lile, dereva yule yule, 560,000, kila mtu 20,000. Bado ni nafuu kuliko treni na watu walikuwa wanajiandikisha. Mpaka ilipofika Machi 8, 2025, na hapa naomba unisome vizuri mkuu kwa sababu jibu la swali lako lipo hapa.

Ile dabi yetu na Yanga ilipangwa saa 1:15 usiku, Jumamosi. Mi nilianza kukusanya michango toka katikati ya Februari, mia tano tano, elfu elfu, mpaka viti 28 vikajaa. Advansi ya 300,000 nikampa mwenye gari. Usiku wa kuamkia mechi zikaanza kusambaa taarifa kwamba timu yetu haichezi kwa sababu ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Nani alikosea sitaki kuingia huko, yameshasemwa mengi na uzi huu sio wa hayo. Asubuhi tumekutana Msamvu, wengine wanasema tusiende, wengine wanasema hayo maneno ya mitandaoni, mechi kubwa kama ile haiwezi kufa hivi hivi. Na hela ya gari ilikuwa imeshatoka. Tukapiga kura kwa mikono, tukaondoka saa 4.

Tumeshavuka Kibaha ndo inakuja rasmi, mechi imeahirishwa. Gari zima kimya. Dereva akaegesha pembeni akaniangalia mimi, na mimi sina la kusema.

Kwenye ile Costa alikuwepo mama mmoja anapika chakula Mji Mpya, alikuwa amefunga banda lake siku mbili na nauli alikopa kwenye kikoba. Hakulalamika njia nzima. Tumefika Chalinze tunarudi ndo akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, ile hela inarudi?" Nikamwambia dada haitarudi, gari limetembea, dizeli imeungua. Akaitikia, "Haya," akarudi kukaa. Mi ile haya mpaka leo naisikia.

Unaona sasa. Tiketi mtu anaweza kukwambia itatumika siku mechi ikija kuchezwa. Nauli haitumiki mara mbili. Dabi ikapelekwa Juni 15, ikasogezwa tena, ikachezwa Juni 25 ambayo ilikuwa Jumatano, tukafungwa mbili bila. Kwenye tawi letu kati ya wale 28, walioenda ni tisa tu, kila mtu kwa njia yake, hakuna aliyenipa mchango nikodi gari. Kuna watu 11 toka siku ile hawajajiandikisha safari yoyote. Mechi zote wanaangalia, jezi wanavaa, ila ukiwaambia toa 20,000 wiki mbili kabla wanakwambia nitaitoa nikiwa na uhakika. Na uhakika sina wa kuwapa.

Hiyo ndo sababu nasema kwa sisi wa mbali bei ya nauli ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni ratiba. Bei kubwa ningeipangia, hata ile 48,600 ukiniambia miezi miwili kabla naiweka kidogo kidogo kwenye kibubu. Siwezi kuipangia mechi ambayo tarehe inahama, saa inahama, na wakati mwingine uwanja wenyewe unahama.

Na la uwanja kuhama lilinikuta mwaka huo huo. Baba yangu mwaka 1993 alitoka hapa hapa Moro na basi akaenda Uwanja wa Taifa wa zamani, huu wanaouita Uhuru sasa, kuangalia fainali ya Kombe la CAF Simba na Stella Abidjan. Tulifungwa mbili bila na mzee mpaka anafariki alikuwa anaisimulia ile siku kama vile ilikuwa jana. Sasa 2025 tumeingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane, miaka 32 imepita, mi nikasema hii naenda na mwanangu hata nikale mihogo mwezi mzima. Nikaweka hela toka nusu fainali. Mechi ya marudiano Mei 25 ikahamishiwa uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya uwanja wa Mkapa baada ya mvua. Nikakaa chini na daftari. Treni ya watu wawili, boti ya watu wawili kwenda na kurudi, usiku mmoja Unguja kwa sababu huwezi kutoka Amaan usiku ukafika Moro, chakula. Ilipita mara tatu ya nilichokuwa nacho. Tukaangalia bandani kwa 1,000 kila mmoja. Mutale wetu alipofunga dakika za mwanzo mtoto alinirukia shingoni, nikafurahi na wakati huo huo roho inaniuma kwamba tulitakiwa tuwe kule.

Kwa hiyo unaposema watu wa banda umiza, mkuu, mle ndani kuna watu walioenda Kigoma. Julai 2021, fainali ya FA na Yanga pale Lake Tanganyika, bao la Taddeo Lwanga. Mimi nilienda. 55,000 nauli ya kwenda peke yake, tukalala njiani, tukarudi na furaha ya mwaka mzima. Leo hii hiyo safari siigusi. Na mi nipo kilomita mia na tisini tu toka Dar, fikiria shabiki wa Mbeya, fikiria wa Mwanza au Bukoba, huyo safari moja ni ada ya mtoto.

Zamani tulikuwa na unafuu kidogo, Mtibwa Sugar ikiwa ligi kuu Simba inakuja yenyewe mkoani kwetu, unaiona bila kulala njiani. Mtibwa iliposhuka mwisho wa msimu wa 2023/24 na hicho kikaondoka, msimu uliofuata hakukuwa na mechi ya Simba ya ligi ya kutufuata hapa. Watu wa Dar sidhani kama mnaelewa timu ya mkoa ikishuka mashabiki wa timu kubwa wa mkoa ule wanapoteza nini.

Umeuliza tunataka tufanyiwe nini. Mimi sitaki kupunguziwa tiketi. Nataka mechi kubwa ikishatangaziwa tarehe na saa ikae hapo hapo, na ikilazimika kuhama tujue angalau wiki moja kabla, sio tukiwa Kibaha. Nataka mechi za wikiendi zinazovuta watu wa mikoani zianze saa 10 jioni, ile ya saa 1 usiku inamfaa mwenye king'amuzi. Na kama klabu zingekaa na watu wa treni wakaweka behewa hata mbili zinazoondoka Dar saa mbili baada ya mechi kuisha, tukakata tiketi ya treni na ya uwanja kwa pamoja, nakuhakikishia Moro na Dodoma wangejaza.

Kwa upande wetu hatujakaa tu. Agosti 2, 2025 Taifa Stars walipofungua CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na Burkina Faso, tulifanya kitu ambacho miaka yote tulikuwa tunakiona hakiwezekani, tawi letu na tawi la Yanga la mtaa wa pili tukakodi gari moja. Ilikuwa basi kubwa kidogo, ikaja 18,000 kichwa, tukaimba wote, Stars wakashinda mbili bila, tukarudi usiku ule ule salama. Yule mama wa Mji Mpya alikuwepo, mi mwenyewe nilienda kumuomba aje, na nauli yake tulichanga wengine kufidia ile ya Machi. Sasa tumekubaliana msimu tunachagua mechi nne tu, pande zote mbili zinachangia kwenye kibubu kimoja 2,000 kwa wiki, na mwenye gari hapewi advansi mpaka siku tatu kabla. Amekubali, kwa sababu na yeye ile siku ya Machi ilimkosesha wateja wengi.

Safari ijayo viti vilivyolipiwa ni 19, na kimojawapo ni cha mwanangu. Kama kuna mtu wa Moro anausoma huu uzi na anataka kwenda, awe mwekundu wa Simba awe Yanga wa Jangwani, siku ya mechi tunakuwa Msamvu kuanzia saa 1 asubuhi, upande wa magari ya kukodi, aulize gari la matawi.